Kompyuta iliyojizima kila nilipoingia, na hesabu za kikundi nilizozipoteza

Ilianza Jumatatu asubuhi, wiki ya pili ya Julai. Anayeijua Dodoma anaijua Julai yake: baridi ya alfajiri inayouma masikio, na upepo unaookota vumbi kwenye kila kiwanja kisichojengwa na kulimwaga madukani. Steshenari yangu iko Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na huo ndio msimu unaonilipia kodi ya pango ya miezi inayofuata. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanakuja na ripoti za utafiti. Mmoja anataka kupangiwa kurasa, mwingine kuprintiwa nakala tatu, mwingine kutiwa jalada gumu kabla ya saa sita maana msimamizi wake anasafiri. Kompyuta ninayo moja tu, ya mezani, mtumba niliyoinunua kwa shilingi 350,000.

Niliiwasha, nikaandika nenosiri, deskitopu ikaja. Vialama vikajipanga kama kawaida, alama ya printa ikatokea pale chini. Nikashika kipanya nifungue Word. Kioo kikawa cheusi, mashine ikaanza kuwaka upya. Nikaandika nenosiri tena. Baada ya sekunde ishirini hivi, ikarudia vile vile.

Kosa langu la kwanza nililifanya hapo hapo, na nadhani wengi tunalifanya bila kujua kuwa ni kosa. Niliendelea kuingia. Nilikuwa na watu watano mlangoni, na kila mara nilijiambia labda safari hii itashika. Kufika saa nne nilikuwa nimeingia zaidi ya mara ishirini. Kompyuta inapokatika ghafla wakati Windows inaandika kwenye hadi diski, kuna hatari ya faili kuharibika, na tatizo lililokuwa moja likazaa la pili. Isitoshe, mara zote hizo sikuitazama mashine. Nilikuwa natazama nyuso za wateja. Ningeitazama ningeona mambo mawili ambayo yangenipa njia siku ile ile: kabla ya kioo kuwa cheusi ilipita rangi ya bluu, kufumba na kufumbua, na feni ndani ya boksi haikusimama hata mara moja.

Mchana nikampigia fundi mmoja wa mjini ambaye jirani yangu alikuwa na namba yake. Alikuja kwa pikipiki, akaiwasha mara mbili, akatikisa kichwa. "Dada, hao ni virusi. Fleshi za wanachuo hizi." Nilimwamini papo hapo, kwa sababu fleshi za wanafunzi kweli huleta virusi, nimeshawahi kuwaona kwa macho yangu wakigeuza mafolda yote kuwa njia za mkato. Tena kuna historia nyuma ya wazo lake. Agosti 2003 kilienea kirusi kilichoitwa Blaster, kilichozifanya kompyuta za Windows XP zijizime na kuwaka upya. Mafundi waliokuwepo enzi hizo wanakikumbuka. Ila Blaster alionyesha ujumbe kwanza, unaohesabu sekunde 60 kurudi nyuma, ndipo mashine inazima. Yangu haikusema neno.

Akaniambia atapiga Windows mpya, shilingi 30,000, kesho jioni nichukue. Kabla ya kufunga boksi kwenye pikipiki akauliza, "Vitu vyako viko D?"

Nikamjibu, "Viko hapo hapo kwenye deskitopu, ukiwasha tu unaviona."

Akasema sawa. Hatukuelewana, na kila mmoja alidhani ameeleweka. Kwangu mimi deskitopu ilikuwa mahali panapoonekana, kwa hiyo mahali salama. Yeye alisikia kwamba hakuna kitu cha maana D, sehemu ya diski isiyoguswa Windows inapopigwa upya, akaendelea na kazi. Kumbe faili ukiiweka kwenye deskitopu inakaa ndani ya C, sehemu ile ile ya diski inayofutwa Windows inapopigwa upya. Na folda ya nyaraka nayo, kama hukuihamisha kwa makusudi, iko C.

Niliporudishiwa mashine Jumanne jioni ilikuwa nyepesi na safi, picha ya ukutani ni ile ya kiwandani. Nilitafuta folda moja tu. Haikuwepo.

Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, akina mama 27. Hisa za kila mtu, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, vyote nilikuwa naviandika kwenye faili moja ya Excel kwa miaka miwili. Leja ya karatasi tulikuwa nayo, lakini tangu Januari nilikuwa nimelegea. Naandika kwenye kompyuta kwanza, leja nitajaza baadaye. Miezi sita ya fedha za watu ilikuwa ndani ya faili ile. Siku hiyo sikula. Nilikaa dukani mpaka saa mbili usiku taa ikiwaka, nikifungua folda zile zile tupu.

Hapa niongeze jambo ambalo nililijua nikiwa nimechelewa. Faili ikifutwa kwa kufomati, mara nyingi kilichomo hakiondoki hapo hapo, hasa kwenye hadi diski za zamani zinazozunguka. Kinakaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na zipo programu za kukirudisha. Sharti ni moja: acha kabisa kuitumia diski hiyo, ichomolewe, isomwe kwenye kompyuta nyingine. Mimi asubuhi ya Jumatano niliweka Office, draiva (programu za kuendeshea vifaa) za printa mbili, na kupokea kazi za wanafunzi kumi na mmoja. Nilikuwa najifukia kaburi mwenyewe. Kwenye diski za kisasa za SSD nafasi ni finyu zaidi, kwani mfumo huziambia ziusafishe ule uwanja uliofutwa.

Ijumaa saa tatu asubuhi, mashine ikajizima baada ya kuingia.

Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Nimelipa, nimepoteza hesabu za watu, na ugonjwa uko pale pale. Swali lililonisumbua zaidi ni kwa nini ilipona siku mbili. Kama Windows mpya haikuwa dawa, mbona ilitulia? Jibu lake nilikuja kulipata kwa mtu mwingine, na nitalifikia.

Fundi wa pili alikuwa makini zaidi, na kwa haki yake niseme kwamba yeye hakufuta kitu. Wakati huo mashine ilikuwa inashika dakika tano hivi kabla ya kukatika. Alibonyeza kitufe cha Windows na R, akaandika eventvwr, kikafunguka kitabu cha matukio ambacho Windows huandika yenyewe. Kweli kulikuwa na mistari yenye alama nyekundu, mingi, yote imeandikwa Kernel-Power na namba 41. Akanigeuzia kioo. "Unaona mama? Pawa. Mashine yenyewe inakwambia pawa saplai imekufa." Nikanunua nyingine, 45,000 pamoja na ufundi. Ikawaka, nikaingia, ikajizima.

Nimeshasikia watu wengine watatu walionunua pawa saplai kwa sababu ya mstari huo huo. Maana yake si kwamba umeme umekufa. Windows inapowaka na kukuta kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu, inaandika 41, basi. Ukichomoa waya ukutani utaipata. Umeme wa mtaa ukikatika utaipata. Ukifungua maelezo ya ndani ya mstari huo kuna kitu kinaitwa BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikunasa kosa lolote kabla ya kuzimika, na hapo ndipo una sababu ya kushuku umeme, joto au waya. Ikiwa si 0, Windows yenyewe ilipata kosa ikaamua kusimama. Kwangu kulikuwa na 26. Namba ile ilikuwa pale kwenye kioo chetu siku nzima, na sisi wote wawili tukaipita.

Jumamosi alikuja mtoto wa kaka yangu, yuko mwaka wa pili hapo chuoni. Alikuja kusalimia, akanikuta nimeinamia meza. Nilimwambia yote. Hakugusa bisibisi.

"Shangazi, iwashe ila usiingie. Iache hapo kwenye nenosiri."

Tukaiacha. Tukanywa chai. Ilikaa saa nzima na dakika zake haikuzima. Kumbe lile lilikuwa jaribio, nami nilidhani anapumzika. Mashine inayokatwa na umeme mbovu au waya uliolegea mara nyingi haichagui wakati. Yangu ilikuwa inangoja niingie. Kuingia ndipo kazi inapoanza kwa mpigo: draiva ya kioo, programu ya kuzuia virusi, printa mbili, programu zote zilizojiandikisha kuwaka zenyewe.

Kisha akanionyesha kitu ambacho natamani kila mwenye steshenari angekijua. Kwenye ukurasa wa nenosiri, kona ya chini kulia, kuna alama ya kuzima. Shikilia Shift kwenye kibodi, bila kuachia, halafu chagua kuwasha upya. Inakuja skrini yenye machaguo machache. Unachagua lile lenye picha ya spana na bisibisi, kisha machaguo ya ziada, kisha mipangilio ya uwashaji, unakubali iwake upya, na utaletewa orodha ya namba 1 mpaka 9. Kama ni laptopu iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, inaweza kukudai ufunguo wake mrefu wa tarakimu 48, kwa hiyo utafute mapema kwenye akaunti uliyoisajilia.

Alibonyeza 9. Hiyo inaiambia Windows: ukipata kosa safari hii, usijiwashe upya, simama hapo. Kwa kawaida Windows imepangwa kujiwasha yenyewe ikipata kosa kubwa, na ndiyo maana nilikuwa naona weusi tu. Nikaandika nenosiri. Sekunde ishirini. Kioo kikawa cha bluu, kikabaki cha bluu, chenye uso ule wa huzuni na maneno chini yake: MEMORY_MANAGEMENT. Tukaandika kwenye karatasi. Namba ya kosa hilo ni 0x1A kwa hesabu za kompyuta, na ukiigeuza kuwa hesabu ya kawaida unapata 26. Ile ile ya Ijumaa.

Basi pawa saplai niliyoinunua kwa 45,000 ilikuwa haihusiki. Pawa saplai ikikata umeme haikupi muda wa kuona kioo cha bluu. Kila kitu kinazimika na feni inanyamaza. (Hiyo 9 hufanya kazi kwa mara moja tu. Ukitaka ibaki hivyo, ukiweza kuingia, bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda kipengele cha tatu, chini kabisa kuna mipangilio ya uwashaji na urejeshaji, toa tiki ya kujiwasha upya.)

Tulirudia mara mbili zaidi. Ya pili ilisema IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, ya tatu PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Mimi nilichanganyikiwa, yeye akafurahi. Akasema draiva mbovu mara nyingi hurudia kosa moja, na pengine kioo kinataja jina la faili yake. Makosa yanaporukaruka hivi, yule asiyetulia huwa ni chuma, yaani kifaa chenyewe na si programu, na wa kwanza kushukiwa ni RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu zinafanyia kazi.

Kabla ya kwenda kwenye RAM akataka kuona sefu modi. Njia ni ile ile, badala ya 9 unabonyeza 4. Windows inawaka ikiwa na vitu vichache mno, kioo kibaya chenye herufi kubwa, hakuna printa, hakuna mapambo. Tukaingia. Ikakaa. Ikakaa saa mbili.

Akachomeka fleshi, akanakili faili za wanafunzi, zote, moja baada ya nyingine, bila mashine kutikisika. Aliponiambia, "Umeona shangazi, hata ikiwa mbovu unaweza kutoa vitu vyako kwanza," nilitoka nje nikasimama nyuma ya duka. Jumatatu ile, kabla ya pikipiki kuja, faili ya VICOBA ilikuwa mle ndani, nzima, na mlango wa kuitolea ulikuwa ni Shift na namba 4. Robo saa ingetosha. Nimeandika simulizi hii kwa ajili ya robo saa hiyo. Na hata kama sefu modi ingekataa, diski ingechomolewa ikapachikwa kwenye kompyuta nyingine kama fleshi kubwa, faili zikanakiliwa. Fundi yeyote anaweza kufanya hivyo ukimwambia, ila ni lazima umwambie. Mwambie jina la folda, mwambie ilipo, na usikubali neno "kufomati" mpaka umeona mwenyewe faili zako zikifunguka kwenye kompyuta nyingine.

Niliporudi ndani nilikuwa nimepata nguvu na nimekwisha toa hukumu: ikiwa sefu modi imetulia, basi chuma ni kizima na tatizo ni programu. Nilikuwa tayari kupiga Windows tena. Hapo ndipo kijana alinipa lile jibu la siku mbili.

"Chukua ndoo iliyotoboka juu, karibu na mdomo," akasema. "Ukitia maji nusu, inavuja?"

Haivuji.

RAM ndiyo ndoo. Sefu modi inatia maji kidogo. Windows iliyopigwa jana, yenye programu chache, nayo inatia maji kidogo, ndiyo maana ilitulia Jumatano na Alhamisi. Kadiri nilivyoweka programu zangu moja moja, maji yalipanda, na Ijumaa yakafika kwenye tundu. Kwa hiyo sefu modi kutulia kunakuambia kwamba tatizo linakuja na mzigo, bali hakukuambii mzigo umeangukia wapi. Nimeona watu wengi wakielezwa kwamba sefu modi ikitulia chuma kimepona. Si kweli, na kwangu ingenigharimu 30,000 nyingine.

Usiku ule aliandaa fleshi yenye Memtest86+, programu ya bure inayowaka yenyewe bila Windows na kupima RAM kwa kuandika na kusoma kila sehemu yake. Tukaiacha ikikimbia, nikafunga duka. Jumapili asubuhi nilifungua mlango nikakuta kioo kimejaa mistari myekundu. Katika kipimo hicho hata kosa moja ni kosa. RAM nzima haitoi hata moja.

Mashine yangu ilikuwa na vijiti viwili vya GB 4. Nilifungua boksi mwenyewe, yeye akinielekeza, na nataka mtu asiyewahi kufanya aone kwamba inawezekana. Tulichomoa waya wa umeme kabisa, tukabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Nikagusa bati la boksi kwa mkono, maana siku kavu za Dodoma ukivaa sweta unajua ule umeme unaorusha cheche ukigusa kitasa, na cheche ndogo usiyoihisi inatosha kuua RAM. Tulipofungua kifuniko, vumbi lilikuwa limelala juu ya maza bodi, ile bodi kuu ya ndani, kama unga wa uwele kwenye jiwe la kusagia. Miaka miwili sikuwahi kulifungua. Tulitumia brashi laini ya rangi, mpya, na pampu ya mkono. Feni tuliishikilia kwa kidole isizunguke tunapopuliza. Watu hupeleka kompyuta zao kwenye kompresa za kujazia matairi. Zile mara nyingi hutoa upepo wenye unyevu na nguvu kupita kiasi, usifanye.

Vijiti vinatoka kwa kubonyeza vibano vya pembeni. Tulisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, tukapangusa chengachenga kwa kitambaa kikavu. Hatua hiyo pekee huponya mashine nyingi, kwa hiyo baada yake tulipima upya. Mistari myekundu ikarudi.

Tukaanza kupima kimoja kimoja. Kijiti cha kwanza peke yake: mizunguko miwili, safi. Kijiti cha pili peke yake, nafasi ile ile: wekundu ndani ya dakika chache. Akanifanya nikihamishie kwenye nafasi nyingine. Niliona ni kupoteza muda, lakini ndicho kipimo kinachotenganisha kijiti kibovu na nafasi mbovu ya maza bodi. Kingepona kwenye nafasi ya pili, ningekuwa na shida kubwa zaidi. Kilitoa wekundu huko pia. Kijiti kilikuwa kimekufa, maza bodi ilikuwa nzima.

Nikawasha Windows na kijiti kimoja cha GB 4. Nikaandika nenosiri. Deskitopu ikaja, vialama vikajipanga, printa ikatokea. Nilishika pumzi nikihesabu mpaka sitini. Nikafungua Word. Jumatatu nilifanya kazi siku nzima hivyo, polepole lakini bila kukatika, na Jumanne nikaenda mjini na kijiti kibovu mkononi ili nipewe ndugu yake. Kibebe kweli: za DDR3 na DDR4 pengo lao haliko mahali pamoja, na za laptopu ni fupi. Nilikipata kilichotumika kwa 25,000, na nilikubaliana na muuzaji kwamba kikitoa wekundu usiku huo nakirudisha asubuhi. Hakikutoa.

Jumla nilitumia 100,000 kwa ugonjwa wa 25,000, na siku sita za msimu. Pawa saplai ya zamani nimeitunza, haina kosa.

Si kila mashine inayojizima baada ya kuingia ina RAM mbovu, na sitaki mtu akimbilie kununua kijiti kama mimi nilivyokimbilia pawa saplai. Ukibonyeza 9 na bado inazima kimya bila bluu, feni ikinyamaza, tazama joto na umeme: gusa upande wa boksi, sikiliza kama feni ya prosesa inazunguka, chomeka kwenye soketi nyingine ya ukutani bila ekstensheni, na printa ya leza usiiweke ekstensheni moja na kompyuta maana inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa mpigo. Mashine ya zamani ambayo peisti ya kupitisha joto la prosesa imekauka hupanda joto haraka mara kazi inapoanza, na hiyo nayo huonekana kama ugonjwa wa kuingia. Ukipata bluu yenye kosa moja lile lile na jina la faili, ingia kwa sefu modi uondoe draiva au programu uliyoiweka mwisho. Kama una akaunti ya mtumiaji mwingine kwenye mashine hiyo, ingia kwa hiyo. Ikitulia, chunguza vinavyowaka vyenyewe kwenye akaunti yako, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kisha ukafungua kipengele cha Startup utaona orodha yake. Na ikiwa inakatika hata kabla ya ukurasa wa nenosiri, Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo huleta yenyewe skrini ile ya spana na bisibisi.

Lilibaki suala la hesabu za kikundi. Jumapili ya wekundu ndiyo ilikuwa siku ya kikao, na nilikwenda kabla ya wengine nikamkuta Mama Mwenyekiti anafagia uwanja. "Mbukwa," akanisalimu, na kwa kuniangalia tu akaweka ufagio chini. Nilimwambia bila kuzunguka: faili imefutika, leja ina mapengo ya miezi sita, kosa ni langu. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akauliza kama kila mama bado ana kitabu chake kidogo cha mwanachama. Wanavyo. Kwenye kikao alinitaka niseme mwenyewe mbele ya wote, nikasema, na wawili walikasirika waziwazi, na walikuwa na haki.

Ilichukua usiku tisa. Nilikusanya vitabu 27, nikaandika upya hisa na marejesho kimoja kimoja, mweka hazina akinisomea na mimi nikichapa, tukilinganisha na fedha zilizokuwa sandukuni. Mara mbili tulikosana na sanduku, mara zote mbili nikakuta nimeruka faini ya kuchelewa. Usiku wa tisa zikakubaliana mpaka shilingi ya mwisho.

Sasa kila kikao nikimaliza kuandika naprinti ukurasa wa wiki hiyo, katibu msaidizi anausaini, na faili nzima naiweka kwenye fleshi mbele yao. Fleshi haikai dukani kwangu. Inaingia sandukuni pamoja na fedha, akina mama watatu wanaoshika funguo wanafunga kufuli zao tatu, kila mmoja anaondoka na ufunguo wake.